Kipande Kisichojulikana Kikiokotwa, Kinatambuliwa Vipi?



Tukitembelea vikundi huku Kitale na Bungoma, mara kwa mara tunaonyeshwa chuma kilichotoka mtoni au ardhini wakati wa kulima, na mwenyewe anauliza: "Hiki ni nini, na tunaweza kukiuza?" Mnunuzi wa skrapu huwa na jibu lake tayari, kwa kilo. Sisi tungependa kwanza mjue kisa cha Pemba.

Tarehe 20 Juni 2016, kisiwani Pemba, Tanzania, kulipatikana kipande kikubwa kilicholetwa na bahari. Kilionekana ni cha ndege, lakini ndege gani? Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari MH370, ilikuwa imepotea na watu 239. Jamaa zao walikuwa bado wanangoja habari.

Wataalamu wa Australia waliokichunguza hawakubahatisha kwa macho. Walitafuta namba. Sehemu za ndege hupigwa mhuri kiwandani, vile sisi tunavyopiga ng'ombe chapa. Palikuwa na tarehe: 23 Januari 2002. Ndege yenyewe ilikabidhiwa Malaysia 31 Mei mwaka huo huo. Hiyo pekee haitoshi, maana ndege nyingi hutengenezwa mwaka mmoja. Lakini kulikuwa na namba nyingine za pekee, na kiwanda cha Italia kilichotengeneza sehemu ile kilifungua kumbukumbu zake, kikakuta zote ni za kibawa kimoja kilichopelekwa Boeing kwa ajili ya ndege ile ile. Septemba 2016 ikathibitishwa.

Na bado kipande kilikuwa na la kusema. Ni kile kibawa cha nyuma ya bawa ambacho rubani hukiteremsha akitaka kutua. Alama za kugongana ndani yake zilionyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, hakikuwa kimeteremshwa kilipong'oka. Meli zilipekua kilomita mraba 120,000 za sakafu ya bahari hadi Januari 2017 bila kuiona ndege. Kwa maoni yetu, kipande cha Pemba kilisema mengi kuliko meli zile.

Sasa fikirini, jamani, kama aliyekiokota angekisugua kwa msasa na kukipaka rangi! Kwa hivyo msisugue, msigonge, msikate. Andikeni siku na mahali, mpelekeeni chifu habari. Kikifanana na bomu, msikiguse kabisa. Zuieni watoto na muite polisi. Na yule wa skrapu, muulizeni leseni, kwa maana sheria ya 2015 inamtaka awe nayo.

Msiseme mambo haya ni ya pwani tu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo kama 500, upana wa mita 2.5, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa kwanza, ni pete ya roketi. Vitu hivyo hutarajiwa kuungua angani au kuangukia baharini. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kinayoleta kikianguka: Urusi ya Kisovieti iliilipa Kanada dola milioni 3 za Kanada kwa setilaiti iliyoanguka huko mwaka 1978. Lakini anayedai lazima aonyeshe kitu ni cha nani, na hapo tunarudi kwenye zile namba.