Geji ya joto inavyoweza kuidanganya kompyuta ya gari hadi injini ichemshe

Madereva wengi wa Toyota Vitz na Passo wanaijua shida hii: kwenye dashibodi hakuna mshale wa joto la injini. Kuna taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa ya baridi, na taa nyekundu inayowaka injini ikishachemsha. Katikati hapo hakuna taarifa yoyote. Taa nyekundu ikiwaka kwenye mlima au kwenye foleni, wakati mwingine gaskiti ya silinda hedi imeshaanza kuungua.

Ndiyo maana geji za joto za kuongezea zinauzika. Mtu ananunua geji, anaipeleka kwa fundi umeme, na baada ya saa moja mshale unacheza. Balaa huanza pale fundi anapokata kona: badala ya kuitafutia geji sensa yake na mahali pake, anachuna waya wa sensa iliyokuja na gari, ile inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini (wengi huiita kontroli boksi), na kuunga geji hapo hapo.

Kompyuta haioni joto, inaona volti

Sensa ya joto la maji ni kitu rahisi sana. Ndani yake kuna kidude ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata moto. Kwenye sensa nyingi za Toyota ukinzani huo ni kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, halafu hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 yakifika nyuzi 80.

Kompyuta hutoa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, kisha umeme unapita kwenye sensa na kurudi eathi. Inachopima ni volti iliyopo katikati ya hivyo viwili. Baada ya hapo inaangalia jedwali lililowekwa na kiwanda: volti hii ni nyuzi ngapi? Kwa mfano, rezista ya ndani ikiwa ya omu 2,200 na sensa ina omu 2,450, yaani injini ni ya baridi, kompyuta inaona kama volti 2.6. Sensa ikishuka hadi omu 320, kwenye nyuzi 80, inaona volti 0.63.

Kwa hiyo chochote kinachobadilisha volti hiyo kinabadilisha "joto", hata kama maji kwenye injini hayajabadilika. Na kwa joto hilo kompyuta inaamua mambo mazito: petroli kiasi gani inyunyizwe, plagi zichome wakati gani, sailensa ikae juu au chini, na feni ya rejeta iwake lini.

Geji inapounganishwa kwenye sensa hiyo hiyo, nayo huleta umeme wake, mara nyingi kutoka kwenye volti 12 za betri. Volti kwenye sensa inapanda. Kompyuta inaamini injini ni ya baridi kuliko ilivyo. Inaongeza petroli na inachelewesha feni. Geji yenyewe nayo inasoma uongo, hivyo dereva ametumia pesa na bado hana taarifa.

Kuna wanaofanya kinyume: wanang'oa sensa ya gari na kuweka ile iliyokuja na geji, kwa sababu tu uzi umeingia. Baadhi ya sensa za geji zina ukinzani wa karibu omu 50 tu kwenye nyuzi 90. Kompyuta ikiunganishwa na sensa hiyo inaona volti 0.1, sawa na joto la zaidi ya nyuzi 130, au inaamua kwamba waya umegusana. Taa ya injini inawaka na kodi P0117 inaandikwa. Soketi ikiachwa wazi, mashine ya kupimia huonyesha nyuzi hasi 40 na kodi P0118. Toyota nyingi zikishagundua hitilafu hiyo hujifanya maji yako nyuzi 80 ili gari liendelee kutembea. Linatembea kweli, ila asubuhi linagoma kuwaka vizuri, na mwenye gari anaizoea ile taa.

"Eathi ni eathi" si kweli

Sensa ya kompyuta huwa na waya mbili. Mmoja ni wa kurudishia, na unarudi moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukikatika au soketi ikioza, fundi mwenye haraka anaufunga kwenye bodi la injini. Gari linawaka, joto linasomeka, mteja analipa.

Lakini bodi la injini linabeba umeme wa vitu vingi, na kebo ya eathi ikishika kutu, tofauti ya volti 0.1 kati ya injini na kompyuta ni jambo la kawaida kabisa. Injini ikiwa ya baridi, kosa hilo halifiki hata nyuzi 2. Injini ikiwa ya moto, hesabu inabadilika. Kwenye mfano ule ule, maji yakiwa nyuzi 100 sensa huwa na omu 186 hivi, na kompyuta huona volti 0.39. Ongeza 0.1, inakuwa 0.49. Kwenye jedwali hiyo ni nyuzi 91. Feni iliyopangwa kuwaka kwenye nyuzi 95 haiwaki, na maji yanaelekea kuchemka.

Kinachochosha ni kwamba tatizo hili hujificha. Linakuja usiku taa zikiwa zimewashwa, linapotea mchana gari likiwa gereji. Wengi huishia kubadilisha rejeta, kutoa thamostati au kufunga feni dairekti, wakati dawa ilikuwa waya mmoja kurudishwa mahali pake.

Njia iliyo salama

Geji ipewe sensa yake peke yake. Kuna bomba fupi la chuma lenye tundu la sensa, linalokatiwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta na kukazwa kwa klipu mbili. Bomba hilo limezungukwa na mpira pande zote, kwa hiyo sensa ya waya mmoja haipati eathi hapo. Lazima bomba livutiwe waya wake wa eathi, la sivyo mshale haunyanyuki.

Asiyetaka kukata chochote anaweza kutumia kisomeo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha joto kwenye simu. Kijaribiwe kabla ya kulipia, maana baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na kila kisomeo. Pia simu itaonyesha kile kompyuta inachoamini; sensa ikidanganya, simu nayo itadanganya.

Wanaofunga kompyuta za kubadilisha kama Haltech, Link au MegaSquirt, hasa kwenye magari ya mashindano, wana nafuu: jedwali wanaliandika wenyewe. Sensa inapimwa omu zake kwenye maji ya barafu, maji ya kawaida na maji yanayochemka, kipimajoto kikiwa pembeni. Kipimajoto ni muhimu kwa sababu maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, lakini ya Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94. Anayeandika 100 akiwa Nairobi ameanza na kosa.

Baada ya kazi yoyote kwenye waya hizi, kipimo cha kwanza hakigharimu kitu kwa mwenye kisomeo. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, swichi iwashwe bila kupiga stata, kisha isomwe joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Zikipishana kwa nyuzi 10, arudi kwa fundi kabla hajaingia barabarani. Jioni, injini ikiwa imepata moto, taa kubwa na feni ya ndani ziwashwe na kuzimwa huku mtu akitazama simu. Joto la maji haliwezi kushuka nyuzi 8 kwa sekunde moja. Namba ikiruka hivyo, eathi ndiyo ya kuanza nayo.