Nakala Nyingi Hazizuii Faili Kufutwa: Ofisi za Mbinga na Nyasa Zijikinge Vipi?

Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012 kutoka Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, makao makuu yake yakiwa Mbamba Bay, huduma za Serikali zilisogezwa karibu zaidi na wananchi wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Katika miaka iliyofuata, kumbukumbu nyingi za wananchi nchini zimehama kutoka kwenye majalada ya karatasi na kuingia kwenye mifumo ya TEHAMA. Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima anayehitaji mbolea ya ruzuku hutambuliwa kwa kusajiliwa katika daftari la kidijitali la wakulima. Usajili wa watoto wa umri chini ya miaka mitano, unaosimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), nao hutumia simu ya mkononi kutuma taarifa za mtoto kwenye kanzidata.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, jina lililopotea katika daftari mwanzoni mwa msimu laweza kumaanisha shamba lisilopata mbolea kwa wakati. Kwa mzazi wa Liuli au Lituhi, taarifa ya mtoto ikikosekana humaanisha safari na gharama za kuanza upya. Ndiyo maana ulinzi wa mafaili dhidi ya kufutwa kwa bahati mbaya unamgusa mwananchi moja kwa moja, hata kama kazi yenyewe hufanywa na wataalamu wachache.

Mifumo mikubwa ya kuhifadhi data haiweki faili katika kompyuta moja. Faili hukatwa vipande, na kila kipande hunakiliwa kwenye seva kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Hadoop, mojawapo ya mifumo huria inayojulikana zaidi duniani kwa kazi hiyo, kwa kawaida hugawa faili katika vipande vya megabaiti 128 na kutunza nakala tatu za kila kipande. Seva moja ikiharibika, mfumo husoma nakala zilizobaki na kutengeneza nyingine mahali pa ile iliyopotea. Mtumiaji huendelea na kazi bila kufahamu kwamba lolote limetokea.

Uwezo huo huwafanya watu wengi waamini kwamba data yenye nakala tatu haiwezi kupotea. Imani hiyo ina kasoro. Nakala hizo huikinga data dhidi ya kuharibika kwa mitambo, lakini hazimkingi mtumiaji dhidi ya amri yake mwenyewe. Mfumo ukipokea amri halali ya kufuta, huitekeleza kwa uaminifu uleule unaoutumia kuhifadhi, na nakala zote tatu huondolewa.

Chukua mfano wa ofisi mbili, moja Mbinga mjini na nyingine Mbamba Bay, zinazotumia hifadhi ya pamoja yenye nakala kila upande. Mafuriko yakiharibu mitambo iliyo ufukweni, nakala ya Mbinga, iliyo mbali na ziwa katika nyanda za juu, itasalimika. Lakini mtumishi wa Mbamba Bay akifuta folda isiyo sahihi, amri hiyo itafika Mbinga kwa sekunde chache. Umbali unaozuia maji hauzuii amri.

Tukio la mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani ni ushahidi wa hatari hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo, programu iliyotakiwa kuondoa kumbukumbu za zamani za utendaji wa mitambo ilibadilishwa ikiwa bado inafanya kazi. Matokeo yake ikaanza kufuta mafaili ya watafiti katika hifadhi ya kompyuta kuu ya chuo. Takriban terabaiti 77 za data, katika mafaili yapatayo milioni 34, zilifutwa, na vikundi 14 vya utafiti viliathirika. Kazi za baadhi ya vikundi hivyo hazikuweza kurejeshwa. Hakukuwa na mdukuzi wala diski iliyoharibika; mitambo ilifanya ilichoamriwa.

Wataalamu hutumia ngazi kadhaa za kinga, kwa kuwa hakuna moja inayotosha peke yake.

Ngazi ya kwanza ni kapu la taka. Faili lililofutwa halitoweki papo hapo, bali huhamishiwa mahali maalumu na kukaa huko kwa muda uliopangwa. Wakulima wa Kimatengo wa Mbinga wanaielewa vizuri faida ya kuchelewesha: mashimo ya ngolo wanayochimba kwenye miteremko huyashika maji ya mvua ili yasiporomoke na udongo mara moja. Kapu la taka nalo huizuia amri ya kufuta kwa muda, ili aliyekosea apate nafasi ya kugundua kosa lake. Tahadhari ni kwamba katika Hadoop kinga hiyo huja ikiwa imezimwa. Msimamizi asipoweka muda, faili hufutwa moja kwa moja. Muda huo huandikwa kwa dakika, hivyo 1440 ni siku moja na 10080 ni siku saba. Aidha, kapu hilo huwahusu wanaofuta kwa amri za kawaida. Programu inayofuta mafaili yenyewe huweza kulipita bila kuligusa.

Ngazi ya pili ni picha ya hali ya mfumo. Kwa wakati uliopangwa, kwa mfano kila usiku, mfumo huandika jinsi mafaili yote katika folda fulani yalivyo. Data hainakiliwi upya, hivyo kazi hiyo huchukua muda mfupi na nafasi ndogo. Faili likifutwa asubuhi, vipande vyake hubaki kwa sababu picha ya usiku bado inavihitaji, na msimamizi huweza kulirudisha. Kinga hii hufanya kazi hata pale programu ilipolipita kapu la taka.

Ngazi ya tatu ni mipaka ya ruhusa. Mtumishi anayehitaji kusoma taarifa hana sababu ya kupewa uwezo wa kuzifuta. Folda muhimu zinaweza kuorodheshwa ili mfumo ukatae kuzifuta zikiwa na kitu ndani, na programu za usafishaji zijaribiwe kwanza kwenye data ya majaribio.

Ngazi ya nne ni nakala rudufu iliyo nje kabisa ya mfumo. Kapu la taka na picha ya hali vyote hukaa ndani ya hifadhi ileile, hivyo kosa kubwa la msimamizi laweza kuvifuta pamoja. Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu ni kuwa na nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mahali pengine na isiyofikiwa kwa amri ya kawaida. Nakala hiyo ni lazima ijaribiwe kwa kurejesha mafaili halisi mara kwa mara, kwani nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina uhakika.

Sheria nazo zinaweka wajibu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa bila idhini. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), inayosimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuziwekea ulinzi, ikiwemo dhidi ya upotevu.

Ofisi ndogo, vyama vya ushirika na shule zinazotumia folda za pamoja kwenye intaneti ziko katika hali ileile, kwani faili likifutwa kwenye kompyuta moja hutoweka kwa wote. Katika huduma ya Google Drive, faili lililofutwa hukaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa. Anayegundua kosa anapaswa kumwarifu msimamizi siku hiyohiyo, kwani kila ngazi ya kinga ina ukomo wa muda. Mtumishi anayeficha kosa kwa kuogopa karipio huweza kugeuza tatizo la dakika kumi kuwa hasara ya kudumu, na ni wajibu wa viongozi wa ofisi kuhakikisha taarifa hiyo inapokelewa bila vitisho.

Kwa upande wao, wananchi wanashauriwa kutunza vyeti, stakabadhi za malipo na namba zao za usajili, na kuhakiki taarifa zao mapema kabla ya msimu wa kilimo au uandikishaji wa shule. Karatasi iliyotunzwa nyumbani ni nakala ambayo hakuna amri ya kompyuta inayoweza kuifuta.