Viumbe Wadogo wa Majini na Udongo wa Kagera

Majuzi alitutembelea mwanafunzi wa chuo kikuu anayechunguza viumbe wadogo wa baharini, wasioonekana kwa macho, na jinsi wanavyohusika na hali ya hewa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa bahari na sisi wapi na wapi?" Swali zuri.

Viumbe hao hufanya kazi ile ile ya jani la mgomba: huchukua hewa ya ukaa na mwanga wa jua wakajitengenezea chakula. Karibu nusu ya kazi hiyo duniani ni yao. Na hewa ya ukaa ikizidi angani, dunia hupata joto.

Bahari iko mbali, lakini mfano uko jirani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na mbolea yake imelala chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuruga maji, mbolea ikapanda, viumbe wadogo wakastawi, na dagaa wakapata riziki. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kuwa maji ya juu yamepata joto. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu kama mafuta kwenye mchuzi. Upepo unashindwa kuyachanganya. Walikadiria chakula cha ziwani kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki asilimia 30. Wapo wataalamu waliobisha, wakasema uvuvi nao umechangia. Mimi naona yote mawili yawezekana.

Kwetu mambo ni kinyume. Ruvubu na Kagera hukutana Rusumo, zikapeleka udongo wetu Ziwa Viktoria. Huko mbolea imezidi, mwani unajaa, na ukioza unamaliza hewa ya samaki. Mbolea hiyo ilikuwa ya maharage yako, bwana! Basi chimba makingamaji kukata mteremko, panda majani ya tembo kingoni, tandaza nyasi migombani.

Na ardhini wamo viumbe wadogo pia. Haragwe likianza kutoa maua, chimbua shina moja kwa jembe, usivute. Pasua vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, vinakutengenezea mbolea ya naitrojeni bure. Vikiwa vyeupe au kijani shamba zima, mwite bwana shamba kabla ya msimu mwingine wa kupanda.