Fizi Zinazotoa Damu na Kopo la Vitamini C

"Daktari, fizi zangu zinatoa damu, niongeze vitamini C?" Naulizwa kliniki, naulizwa harusini, naulizwa hata na wahudumu wa afya. Wengine hawaulizi tena: wamekwishapita duka la dawa, wamemaliza kopo zima la vidonge vya kumung'unya, na damu bado wanaitema kila asubuhi. Muda huo wote wamekuwa wakipiga mswaki juujuu, wakikwepa palepale panapovuja. Hapo ndipo subira inaponiishia, maana wameiacha tiba iliyokuwa mkononi mwao.

Imani hii ina chimbuko. Upo ugonjwa wa kiseyeye, unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, na fizi huvimba na kuvuja damu. Mwaka 1747 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake; waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Lakini wale walikuwa wamekaa baharini wiki nyingi bila tunda wala mboga mbichi. Miligramu 10 hivi za vitamini C kwa siku zinatosha kumkinga mtu mzima na kiseyeye, na chungwa moja la wastani lina mara kadhaa ya hizo. Pera ndiyo usiseme. Wewe unayekula embe, mchicha na kachumbari ya ndimu, kiseyeye umekipata wapi? Tena kiseyeye hakiishii kinywani: mtu huchoka, miguu humuuma, ngozi humvilia damu. Anayekaa kwenye kiti changu kwa kawaida ana nguvu zake zote, ila mate ni mekundu.

Jibu lake lilipatikana Denmark mwaka 1965. Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia usafi, zikapona kwa muda wa wiki moja hivi.

Mkosaji ni ukoga, utando wa bakteria unaojijenga kila siku pale jino linapokutana na fizi. Usipouondoa, madini ya mate huugeuza kuwa ugaga, mgumu kama jiwe. Simama mbele ya kioo, tazama nyuma ya meno ya mbele ya chini: ule ukingo wa njano au kahawia ulioganda shingoni mwa meno ndio huo. Hakuna kidonge kinachouyeyusha. Ndimu mnayosugulia fizi, na vile vidonge vichachu, vinamong'onyoa jino lenyewe. Huku nyuma bakteria wanateremka chini ya fizi, na mfupa unaoshikilia jino unalika taratibu, mara nyingi bila maumivu. Kwenye fizi yenye afya kipimo changu huzama milimita 1 hadi 3. Kwa aliyengoja miaka kinazama 6 au 7, jino linacheza, na mfupa uliokwisha haurudi wenyewe.

Basi fanyeni hivi. Mswaki laini, mara 2 kwa siku, dakika 2, nywele zikielekea ukingo wa fizi. Damu ikitoka, endelea taratibu papo hapo. Mswaki wa mti unafaa, mradi ufike meno ya nyuma. Katikati ya meno pitisha uzi. Ugaga ukwanguliwe kliniki. Kukwangua hakulegezi meno, na jino linalocheza baada ya kukwanguliwa lilikuwa limeshapoteza mfupa. Maji ya chumvi hutuliza tu. Antibayotiki za kujinunulia acheni. Anayevuta sigara asifurahie kutoona damu, kwani sigara huificha. Mwenye kisukari adhibiti sukari, la sivyo fizi hazitatulia. Mjamzito aje, kusafishwa meno hakumdhuru mtoto. Damu isipokoma baada ya wiki 2 za usafi wa kweli, njoo upimwe. Ikitoka yenyewe bila fizi kuguswa, au mwili ukiwa na alama za kuvilia damu, usingoje wiki hizo: nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe damu.