Ziwa Tanganyika: kufunga uvuvi ni jaribio, na jaribio hupimwa

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa, mitumbwi ya taa ikabaki ufukweni. Mvuvi wa dagaa hupumzika siku chache kila mwezi, mbalamwezi inapozifanya taa zake zisifae kitu. Miezi mitatu bila pato ni jambo jingine kabisa.

Je, hatua hiyo inafaa? Jibu si jepesi. Dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, huishi takriban mwaka mmoja tu na hukua upesi, hivyo huweza kuongezeka haraka wakipumzishwa. Lakini wingi wao hutegemea pia upepo wa kusini, unaovuma kati ya Mei na Septemba na kupandisha rutuba kutoka kilindini. Maji ya juu yanapozidi kuwa na joto, kama watafiti walivyobaini, hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini, na chakula cha samaki hupungua.

Hapo ndipo penye utata. Miezi ya kufunga iliangukia majira yaleyale ya upepo. Nyavu zikijaa baada ya ziwa kufunguliwa, sifa ni ya mapumziko au ya upepo? Zikitoka tupu, lawama ni ya nani?

Wataalamu wa usimamizi unaojirekebisha hawasubiri uhakika ndipo watende. Hutamka mapema matokeo wanayotarajia, huhesabu mavuno ya kila chombo kwa usiku, kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kwa miaka kadhaa, kisha hubadili tarehe, muda au aina ya nyavu kulingana na hesabu hizo. Mwaka mmoja hautoshi. Wala nchi moja haitoshi: ziwa ni la Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na hesabu za upande mmoja huvurugika iwapo upande wa pili unaendelea kuvua kundi lilelile. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, iliundwa kwa mkataba wa mwaka 2003 kwa ajili ya uratibu wa namna hiyo.

Gharama ya jaribio hulipwa kwanza na wavuvi, wachuuzi na wanawake waanikao dagaa. Hesabu hizo zingestahili kubandikwa mialoni, wazisome wao kabla ya tarehe nyingine ya kufunga kutangazwa.