Andika Habari za Nyumba Yako, Lakini Chunga Siri za Wenzako

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo ulikuwa wa wafanyabiashara. Lakini, ndugu msomaji, watufaa hata sisi tusio na duka. Babu afapo, huzikwa pamoja na majina ya waliomlea, njia iliyomleta mjini na kiasi cha mshahara wake wa kwanza. Wajukuu hubaki na picha moja ukutani, wasijue aliyesimama kando yake ni nani.

Wapo wanaodhani kuwa kuandika habari za maisha ni kazi ya wakubwa na matajiri. Sivyo. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alimtungia bintiye utenzi wa wosia mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa. Utenzi huo ulienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Naye Shaaban Robert, ambaye kitabu chake Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, alikuwa karani wa serikali.

Kinachohitajika ni daftari moja, kalamu, na nusu saa ya jioni baada ya kazi. Anza na yale uyajuayo mwenyewe: siku ya kwanza kazini, chumba cha kwanza cha kupanga, chakula kilicholiwa siku ya harusi. Kila habari ipe tarehe na mahali. Andika upande mmoja wa karatasi, ili fotokopi itoke safi. Kurasa zikifika ishirini, zitolee nakala, zibane kwa pini, uwagawie jamaa.

Hapo kwenye kugawa ndipo penye gharama ya kweli. Mimi niandikaye haya niliwahi kutoa nakala kumi na mbili za habari za nyumba yetu. Katika ukurasa mmoja nilieleza, kwa mapenzi matupu, jinsi tulivyomuuguza dada yangu kwa miezi minne, na ugonjwa wenyewe nikautaja kwa jina. Nakala moja ikafika kwa wakwe zake, ambao hakuwa amewaambia. Hakunigombeza. Alikuja nyumbani, akaketi, akaniuliza: "Kaka, ugonjwa ule ulikuwa wangu au wako?" Sikuwa na jibu. Nilizunguka nyumba hata nyumba nikakusanya nakala kumi na moja. Ya kumi na mbili sijaiona hadi leo.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni nne, ambazo hazigharimu hata senti moja.

Kwanza, aliye hai husomewa yaliyoandikwa juu yake kabla ya mtu mwingine kuyaona. Akisema futa, nafuta, wala simdai sababu.

Pili, maradhi, madeni na magomvi ya ndoa huandikwa na mwenyewe, au hayaandikwi.

Tatu, mtoto simwandiki jambo litakalomwaibisha akiwa mtu mzima, wala sitaji shule yake wala njia apitayo.

Nne, ninayo madaftari mawili. Moja ni la kugawa. La pili limo sandukuni, na juu ya jalada nimeandika ni nani atakayelifungua, na lini. Kurasa za hili la pili sizipigi hata picha kwa simu, kwa maana picha ikishatumwa kwa mtu mmoja, haijulikani itaishia mkononi mwa nani.

Mambo haya hayaishii kwenye adabu ya nyumbani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema kuwa kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Mwaka 2022 ikatungwa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki tunayoidai mbele ya wakubwa hatuna budi kuwapa kwanza tunaokula nao sahani moja.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na neno la kalamu hukaa zaidi ya neno la ulimi. Basi, ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Nunua daftari, ukae na mzee wa nyumba, umwombe akusimulie. Na kabla hujaandika neno la kwanza, muulize ni lipi angependa libaki kati yenu wawili.