Je, Wajua? Dozi ya miezi sita ilianzia kwetu

Je, wajua kwamba Sumbawanga iko juu kuliko Davos? Mji huo wa Uswisi, mita 1,560 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiko matajiri wa Ulaya wenye kifua kikuu walikokwenda kulala vibarazani kwa miezi na hata miaka, wakilipia hewa ya mlimani. Sumbawanga imepita mita 1,700 na hewa ni bure. Mwinuko wenyewe, hata hivyo, hauui vijidudu.

Jua linawaua. Dirisha lililo wazi linawatawanya. Sasa tazama Ufipa, nyanda hizi za Sumbawanga, mwezi Juni na Julai, upepo ukikata masikio: madirisha yamefungwa, nyumba nzima imezunguka moto, na babu anakohoa pembeni. Kila mtu anasema ni baridi tu. Kikohozi kikifika wiki mbili, acha kuisingizia baridi; makohozi yakapimwe.

Je, wajua kwamba bakteria huyu ni goigoi? Wapo bakteria wa tumboni wanaogawanyika kila baada ya dakika 20. Wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima. Ndiyo sababu ugonjwa huingia kwa kunyata: homa za jioni, jasho la usiku, suruali kulegea kiunoni. Na ndiyo sababu moja ya dawa kumezwa miezi sita.

Miezi sita yenyewe ndiyo njia ya mkato, jamani! Zamani tiba ya kawaida ilikuwa miezi 18, na sindano juu. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa ya rifampisini ikiongezwa, miezi sita inatosha. Mgonjwa wa London au Lima anayemaliza dozi kwa nusu mwaka ananufaika na kilichopimwa kwanza kwenye vifua vya watu wa huku. Sijui ni wangapi huko wanaolijua hilo.

La pili pia ni letu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukijengwa pamoja na Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia aliyeupata ugonjwa wa kifua kikuu yeye mwenyewe katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Kupima makohozi kwa darubini, kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, kumwandika kwenye rejista hadi amalize: utaratibu ulioiva katika wilaya zetu ndio ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza kila mahali miaka ya 1990.

Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeambiwa mapema huingiwa na hofu, na katika Sumbawanga, mji uliochoka kutaniwa kwa habari za uchawi, hofu hiyo hupata maelezo upesi. Waganga wa tiba asili nao wameshirikishwa katika kuwabaini wenye dalili na kuwapeleka hospitali, maana wengi hupitia kwao kwanza.

Je, wajua kwamba chanjo ya BCG ilitokana na kijidudu cha ng'ombe? Wafaransa Calmette na Guérin walikiotesha kwenye viazi vyenye nyongo ya ng'ombe kuanzia 1908, wakikihamisha mara 230 hadi kikapoteza makali, na mwaka 1921 mtoto wa kwanza akachanjwa. BCG huwakinga zaidi watoto dhidi ya kifua kikuu kikali. Mapafu ya mtu mzima huyakinga kwa shida.

Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza magonjwa ya mifugo. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa London, akasema kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa binadamu. Alikosea. Kinapita kwenye maziwa mabichi, na mara nyingi huvimbisha tezi za shingo. Kuanzia malisho ya Ufipa hadi mazizi ya Bonde la Rukwa, maziwa yachemshwe.

Na makohozi hayapimwi kwa darubini tu: panya buku mmoja wa Morogoro, aliyefunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 akitafuta kifua kikuu.

Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua duniani, na milioni 1.25 wakafa. Vipimo na dawa kwetu ni bure.

Na kifua kikuu sugu? Tiba yake nchini ilianza mwaka 2009 Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali iliyopo tangu 1926. Mtu wa huku Rukwa alikuwa anaikata nchi nzima kuifuata. Baadaye ikasogezwa mikoani. Ilikuwa ikichukua miezi 20 na sindano kila siku kwa miezi kadhaa, wengine wakawa viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vitupu, kwa miezi sita.